Kisanamu cha Valdivia: kilikuwa cha nini, na tukifinyange vipi kwa udongo wa hapa?

Mwalimu_Sanaa_Jinja

Habari za jioni wakuu. Darasa la S.2 (kidato cha pili) lina mradi wa sanamu za udongo za kale, na kikundi kimoja kimechagua kile kisanamu cha Valdivia cha pwani ya Ekuador. Mwanamke amesimama, kimo kama sentimita 10, nywele nyingi kuliko kichwa chenyewe, macho na mdomo ni mikwaruzo mifupi, mikono ni kama haipo, miguu miwili minene isiyo na nyayo. Naomba msaada kwa mambo manne.

Kwanza maana yake. Kila ninapotafuta nakuta "mungu mke wa rutuba", basi, hakuna zaidi. Pili, namna ya kufinyanga nakala 30 kwa udongo wa bondeni, hatuna tanuri la umeme. Tuna kuni, samadi kavu na makapi ya kahawa. Tatu, maandishi ya kuweka kando ya nakala siku ya maonyesho. Nne, kuna tovuti inauza "cha asili, kina cheti cha maabara", na kamati ya shule imeanza kuulizia bei. Niwaambie nini?

Kigae_Kitante

Mwalimu, hilo la "mungu mke wa rutuba" liweke pembeni kwanza. Si kwamba haliwezekani, ila limebandikwa kwenye kila sanamu ya mwanamke duniani tangu wazungu walipoanza kuita vitu hivi "Venus", na halielezi kwa nini Valdivia walivifanya walivyovifanya.

Anza na mahali vilipookotwa. Utamaduni wa Valdivia ulikuwa kwenye pwani ya Ekuador, Santa Elena na Guayas, takriban 3500 hadi 1500 KK. Emilio Estrada ndiye aliyeutambulisha miaka ya 1950. Kijiji kilichochimbwa kwa mapana zaidi ni Real Alto, karibu na Chanduy, ambako Donald Lathrap na Jorge Marcos walifanya kazi miaka ya 1970: nyumba zimezunguka uwanja, na katikati kuna vilima viwili, kimoja chenye jengo la mikutano na karamu, kingine chenye jengo la kuhifadhia mifupa ya wafu. Sasa, ungetegemea miungu ikutwe juu ya vilima hivyo. Lakini visanamu vingi vimetoka kwenye takataka za majumbani, pamoja na vigae vya vyungu na mabaki ya chakula, na vingi vimevunjika. Kitu cha kuabudiwa daima hakitupwi jalalani na maganda ya kome. Kwa hiyo kilikuwa na kazi, kazi ikaisha, kikatupwa.

Kazi gani? Dhana mbili ndizo zinazofaa darasani. Ya kwanza ni ya uganga. Gerardo Reichel-Dolmatoff, alipochunguza visanamu vya kale vya Kolombia, alivilinganisha na tiba za Waguna wa Panama na Waemberá, wenyeji asilia wa eneo hilo: mganga hutumia sanamu ndogo kumsaidia kupambana na kinachomsumbua mgonjwa, na tiba ikiisha sanamu haina nguvu tena, inaweza kutupwa au kupewa watoto wachezee. Peter Stahl aliichukua hoja hiyo kwa Valdivia mwaka 1986. Uzuri wake ni kwamba inaeleza jalala, inaeleza wingi, na inaeleza kwa nini vilitengenezwa haraka haraka.

Ya pili ni ya Costanza di Capua, 1994. Yeye alitazama nywele na miili. Vingine vina nywele nzito, vingine upande mmoja wa kichwa umenyolewa, matiti ya vingine ndiyo kwanza yanachomoza, vingine vina mimba. Akasema hizo ni hatua za maisha ya msichana hadi mwanamke mzima, na kisanamu kilitumika kwenye sherehe ya kuvuka hatua. Hii inaeleza kwa nini mfinyanzi alihangaika na nywele kuliko uso.

Binafsi naona dhana hizi hazipigani. Ila waonye wanafunzi wasikimbilie kusema "kumbe ni kama mayembe (pembe za mizimu) ya waganga wa Buganda". Kulinganisha na Waguna kuna mantiki fulani kwa sababu ya ukaribu wa eneo. Kulinganisha na Kampala ni kufananisha sura tu.

Jambo la mwisho: mkikutana na maandishi yanayosema ufinyanzi wa Valdivia uliletwa na wavuvi kutoka Japani, hiyo ni hoja ya Meggers, Evans na Estrada ya mwaka 1965. Wanaakiolojia wengi waliiacha zamani, lakini kwenye mtandao haifi.

Mfinyanzi_Mukono

Nijibu la kufinyanga.

Udongo kwanza. Kisanamu kimoja kinakula gramu 150 hivi za udongo mbichi, kwa hiyo vipande 30 ni kilo 4.5, andaa kilo 6 au 7, maana watoto wataharibu. Udongo wa bondeni peke yake unanata mno, husinyaa na kupasuka. Loweka siku mbili, chuja kwa wavu wa chujio la chai, uache ukauke hadi ukandike. Kisha changanya unga wa vigae: tofali lililochomwa vizuri, lipondwe, lichekechwe, chembe zisizidi milimita 1. Kipimo ni kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya udongo. Ukizidisha, mikwaruzo ya nywele itakuwa na kingo zilizochanika. Ukipunguza, miguu itapinda wakati wa kukauka. Udongo huu utasinyaa karibu asilimia 8 hadi 10, kwa hiyo mkitaka sentimita 10, fanyeni 11.

Umbo. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuchukua donge moja na kulichonga kama karoti. Kisanamu cha Valdivia ni misokoto miwili ya udongo iliyolazwa sambamba na kubanwa pamoja. Ndiyo maana miguu ni minene na ina mfereji katikati. Viringisha misokoto miwili, urefu sentimita 11, unene sentimita 1.8. Kwaruza upande wa ndani wa kila mmoja, paka uji wa udongo, bana kuanzia juu hadi kiunoni, chini uache ijitenge. Sehemu ya juu ibonyeze kwa dole gumba iwe bapa: huo ni uso, na nyusi na pua hubaki zimeinuka kidogo. Macho na mdomo ni mkato mmoja mmoja wa kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Msiongeze mboni wala midomo. Kila mwanafunzi atataka kuongeza.

Matiti ni vidonge viwili vidogo. Mikono, kama ipo, ni kamba nyembamba inayopita chini ya matiti.

Nywele huja mwisho, na ndizo zinazotesa. Ni bamba la udongo, unene milimita 4, linalofunika kichwa kuanzia juu ya paji hadi mabegani. Bamba ni jembamba, mwili ni mnene; bamba likikauka kwanza linasinyaa, mwili bado umevimba, nywele zinapasuka katikati au zinabanduka nyuma. Dawa ni mbili. Bandika nywele wakati mwili bado mbichi kabisa, siku hiyo hiyo. Halafu funga kichwa peke yake kwa kaveera (mfuko wa plastiki) siku tatu za mwanzo huku mwili ukiachwa wazi, ili vifikie ukavu kwa pamoja. Mistari ya nywele ichorwe udongo ukiwa umekauka nusu. Ukiwa mbichi kijiti kinaacha matuta pembeni.

Rangi nyekundu: chukua udongo mwekundu wa marramu, kilo 1 kwa lita 5 za maji, koroga, subiri dakika 10 mchanga utulie chini, mimina maji mekundu kwenye ndoo nyingine, yaache usiku kucha. Kinachotuama ndiyo rangi. Paka mara mbili kisanamu kikiwa kimekauka nusu, kisha sugua kwa kokoto laini ya mtoni. Kikiwa kibichi mno rangi inafuatana na kokoto. Kikiwa kikavu mno unabaki na mikwaruzo isiyong'aa. Jaribu kwa ukucha: ukibonyeza ukaacha alama bila udongo kunata, ndiyo saa yake.

Kukausha ni kivulini siku 7 hadi 10, siku ya mwisho jua la asubuhi.

Kuchoma. Shimo la kina cha sentimita 30, upana mita 1. Washa moto mdogo *kuzunguka* vipande, si chini yake, saa mbili. Kioo kidogo ukikiweka juu ya kisanamu kikaingia ukungu, maji bado yanatoka, usiongeze moto. Vipande vinavyolipuka hulipuka hapa, maji yakigeuka mvuke ndani. Watu husingizia hewa. Hewa peke yake hailipui, ni unyevu. Kisha panga samadi kavu chini sentimita 10, vipande katikati, vifunike kwa magae makubwa ya vyungu ili upepo usivipige, juu weka samadi tena, nyasi na vijiti. Fanyeni jioni, giza likianza kuingia, ili muone rangi ya moto: vipande vikiwaka wekundu uliokolea mko kwenye nyuzi 650 hivi, na hapo panatosha. Visiende mbali zaidi, ng'aro la kusugua litapotea. Acheni hadi asubuhi. Msifukue usiku, kupoa ghafla kwenye nyuzi 573, mahali mchanga wa kwatzi hubadili ukubwa, kunapasua shingo.

Makapi ya kahawa yaacheni kwa matofali. Huungua polepole, yanafukiza, mtapata weusi.

Nalongo_wa_Udongo

Mfinyanzi kasema vizuri. Naongeza lililosahaulika: chokaa. Udongo wa kando ya Nile na ziwa mara nyingi una vipande vya makonokono. Kisanamu kinatoka motoni kizima, kila mtu anapiga picha, baada ya wiki kinaanza kutoa vishimo kama vya ndui. Ni gamba lililogeuka chokaa, likavuta unyevu wa hewa, likavimba. Chujio la chai linatoa makubwa, lakini pima udongo kabla: tia donge kavu kwenye kikombe cha ndimu au siki. Likitoa mapovu, tafuteni bonde lingine.

Kujua kama kimeiva: chukua kimoja kilichovunjika, kitumbukize kwenye maji usiku kucha. Kikilainika na kuanza kumomonyoka hakikufika hata nyuzi 500, na mnaweza kukichoma tena.

Kwa Kigae_Kitante nina swali. Unasema vingi vimevunjika, kisha wapo wanaosema vilivunjwa makusudi baada ya tiba. Mimi nikitazama umbo naona kitu chenye shingo nyembamba, kichwa kizito kwa sababu ya nywele, na miguu iliyounganishwa kwa kubanwa tu. Kitavunjika kikianguka mkekani. Makusudi yako wapi?

Kigae_Kitante

Nalongo, hoja yako ni nzito na ndiyo ambayo darasa linaweza kuipima. Wingi wa vilivyovunjika hauthibitishi makusudi. Cha kuangalia ni *wapi* kimevunjika. Kikivunjika kwenye kiungo, misokoto ikatengana au nywele zikabanduka, huo ni udhaifu wa ufinyanzi. Kikikatika katikati ya kiuno, sehemu nene ambayo haina kiungo, inabidi uulize nguvu ilitoka wapi. Hata hapo si ushahidi kamili, kwa sababu kitu kikishatupwa hukanyagwa.

Mwalimu, hili litakupa somo zima: nakala tano zilizoharibika ziangusheni kutoka kimo cha meza kwenye sakafu ya saruji, tano zivunjwe kwa mkono, wanafunzi wachore mahali zilipokatika. Ndipo watazame picha za vipande vya Valdivia.

Na wasidhani visanamu vyote vya kale vya bara la Amerika vilitupwa. Tlatilco, katika Bonde la Meksiko, walizikwa navyo. Kule visanamu vilianza kujulikana kwa sababu ya wafyatua matofali, waliokuwa wakichimba udongo na kukuta makaburi. Msanii Miguel Covarrubias alikuwa akivinunua kwao kabla ya uchimbaji wa kitaalamu kuanza mwaka 1942. Visanamu vya Jaina, kisiwa cha Wamaya karibu na pwani ya Campeche, 600 hadi 900 BK hivi, navyo viliwekwa na wafu, na vingine ni filimbi au njuga. Mbwa wanene wa Colima ni wa makaburi ya mashimo marefu ya magharibi mwa Meksiko. Udongo ule ule, sura za watu na wanyama, lakini mmoja anatoka jalalani na mwingine kifuani kwa maiti. Ukiondoa mahali, huwezi kutofautisha maana zao.

Hapa kwetu tunalo funzo hilo hilo: kichwa cha Luzira. Wafungwa walikuwa wakichimba kwenye gereza la Luzira, Kampala, mwaka 1929, wakatoa kichwa cha udongo na vipande vya mwili. Sasa kiko British Museum, London. Hakukuwa na mwanaakiolojia shimoni wa kuandika kilikuwa kina gani, kando ya nini. Ndiyo maana mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley walilazimika kukitafutia muktadha kwa kukilinganisha na ufinyanzi wa ukingo wa Ziwa Victoria, wakakiweka karibu na mwisho wa milenia ya kwanza BK au baada yake kidogo. Kilikuwa cha nini? Sura yake ni nzuri kuliko ya Valdivia mara kumi, lakini kuhusu matumizi yake tunajua machache kuliko tunayojua ya Valdivia.

Mwalimu_Sanaa_Jinja

Ahsanteni sana. Donge limetoa mapovu kwenye ndimu, kwa hiyo tunahamia bonde lingine. Swali la cheti halijajibiwa, na kamati inakutana Ijumaa.

Fundi_Hifadhi

Mwalimu, waambie hapana, na sababu ni hizi.

Cheti hicho bila shaka ni cha thamoluminesensi. Chembe za madini ya kwatzi na feldispa ndani ya udongo hukusanya nishati kutokana na mionzi ya asili mwaka hadi mwaka. Moto wa kuzidi nyuzi 500 hivi hufuta akiba yote. Maabara ikitoboa unga kidogo na kuupasha moto, mwanga unaotoka unaonyesha muda uliopita tangu kuchomwa. Kipimo chenyewe ni kizuri, ila kina matundu manne. Kinasema juu ya pale palipotobolewa tu. Walaghai huunganisha kitako cha kale na kichwa kipya, au hujenga sanamu nzima kwa vigae vya kale na gundi. Bila kujua udongo kilimofukiwa, tarehe inaweza kupotoka kwa asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo kinatofautisha cha kale na cha juzi, si zaidi. Kitu kinaweza kupigwa mionzi makusudi ili kionekane kizee. Na karatasi yenyewe hunakiliwa, ikasafiri na sanamu nyingine.

Jicho pia hudanganyika, hata la makumbusho makubwa. Mwaka 1974 huko Veracruz, Meksiko, polisi walimkamata Brígido Lara na wenzake kwa kuuza sanamu za kale zilizoibwa. Akasema hazikuibwa, amezifinyanga mwenyewe. Hawakumwamini. Akaomba udongo, akafinyanga nyingine zinazofanana nazo akiwa gerezani, wakamwachia. Baadaye alifanya kazi na makumbusho ya Xalapa, na ikajulikana kuwa kazi zake zilikuwa zimeshaingia kwenye mikusanyo ya nje kama vitu vya kale.

Halafu tuseme cheti ni cha kweli. Hapo ndipo tatizo linapokuwa kubwa zaidi, kwa sababu vitu vya akiolojia vya Ekuador ni mali ya taifa lile. Muuzaji aonyeshe karatasi za jinsi kilivyotoka, za kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Hatakuwa nazo. Kitu kimechimbwa usiku na wale wanaoitwa huaqueros, wachimbaji haramu wa vitu vya kale, jalala limevurugwa, na lile swali la kwanza uliloleta hapa limepoteza jibu lake.

Na nakala zenu nanyi ziwekeni alama. Kabla udongo haujakauka, chora kwa sindano chini ya mguu neno NAKALA, mwaka na jina la shule, kina cha milimita 1. Wino hufutika.

Kigae_Kitante

Nakubaliana na Fundi. Kwa maandishi ya maonyesho, pendekezo langu hili, mrekebishe mtakavyo:

*Nakala ya kisanamu cha mwanamke. Utamaduni wa Valdivia, pwani ya Ekuador, takriban 3500–1500 KK. Udongo uliochomwa, rangi nyekundu iliyosuguliwa. Visanamu vya asili hukutwa zaidi vimevunjika kwenye takataka za nyumba. Watafiti wengine huona vilitumika katika tiba, wengine katika sherehe za wasichana kuvuka hatua za maisha. Nakala imefinyangwa kwa udongo wa Jinja na kuchomwa kwenye shimo.*

Neno "mungu" halimo, na "rutuba" halimo. Mgeni akiuliza, mwanafunzi aeleze kwa nini.

Nalongo_wa_Udongo

Ongezeni kimo na uzito. Pimeni baada ya kuchoma, si kabla, maana cha sentimita 11 hakitakuwa 11 tena. Na msiweke vyote vikiwa vimesimama. Vingi vya Valdivia havisimami vyenyewe, miguu haina nyayo. Vilazeni kwenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita 2, na vile mlivyovivunja viwekeni humo humo.

Mwalimu_Sanaa_Jinja

Sawa Nalongo. Udongo mpya umeshalowekwa, haukutoa povu.